Nondo ya mtumba, mbao ya mtumba: kipi kirudi ukutani na kipi kisirudi

Nyumba ikishapigwa alama ya X nyekundu, mwenyewe hubaki na siku chache za kuokoa alichonacho. Kabla katapila halijafika, mabati yameshashushwa, fremu za milango zimeng'olewa, grili zimekatwa na mbao za kenchi zimefungwa kamba juu ya guta. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2017 kandokando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kibaha, mamia ya nyumba zilipobomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Na ndivyo inavyokuwa kila bomoabomoa inapopita, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa. Muda si mrefu mabaki yanapangwa pembeni mwa barabara, yana bei na yana wanunuzi.

Hapo mabishano huanza. Mmoja anasema anayejenga kwa vifaa vya mtumba anajichimbia kaburi. Mwingine anamjibu kwamba Ulaya wanasifiwa kwa jambo hilohilo, wanaliita ujenzi endelevu, na kwamba vya zamani vilikuwa imara kuliko hivi vya leo. Hofu ya yule wa kwanza inaeleweka. Ghorofa la Kariakoo lilianguka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20. Sisemi lilianguka kwa ajili ya vifaa vya zamani. Nasema mji uliozika watu namna ile una haki ya kuuliza kuhusu kila kinachoingia kwenye jengo.

Wote wawili wana sehemu ya ukweli, ila wanabishania umri wa kifaa, na umri haukuambii mengi. Kuna milango ya mninga yenye miaka 60 ambayo haina kasoro, na kuna tofali la mwaka jana linalomeguka mkononi kama biskuti. Maswali yanayoamua ni mawili: kifaa hiki kinakwenda kufanya kazi gani, na huko kilikotoka kilikuwa kimeungwa na nini?

Maneno yanayochanganywa

Tuanze na tofauti kati ya kutumia tena na kurejeleza, maana hata kwenye hotuba za wakubwa maneno haya hutumika kama pacha. Ukirudisha chupa ya soda dukani, kiwandani inaoshwa na kujazwa upya. Huko ni kutumia tena. Chupa ikivunjika, vipande vyake vinaweza kuyeyushwa vikawa chupa nyingine. Huko ni kurejeleza, na kunataka tanuri. Vipande hivyohivyo vikisagwa na kuchanganywa kwenye kifusi cha barabara vimesaidia, lakini havitakuwa chupa tena. Hatua hii ya tatu naiita kushusha daraja.

Kwenye nyumba ni vivyo hivyo. Mlango ukitoka kwenye jengo moja ukafungwa kwenye lingine umetumika tena. Nondo ikipelekwa kwenye kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu ikatoka nondo mpya, imerejelezwa. Nguzo ya zege ikivunjwavunjwa ikajaza shimo imeshushwa daraja. Mara nyingi takwimu hutia mambo haya kwenye kapu moja. Umoja wa Ulaya uliweka lengo mwaka 2008 kwamba ifikapo 2020 angalau asilimia 70 ya taka za ujenzi na ubomoaji iokolewe, na nchi nyingi zikafika hapo bila shida kubwa, kwa sababu kusaga zege na kujazia mashimo kulihesabiwa pia. Ukisikia nchi fulani "inatumia tena" taka zake zote za ujenzi, uliza kwanza ni tofali ngapi zilizorudi kuwa tofali ukutani.

Moto uliokwisha kuwaka

Kwa nini mtu ajisumbue kusafisha tofali kuukuu wakati jipya lipo? Watu wengi hufikiri jibu ni kupunguza taka. Taka ni sehemu ndogo tu ya jibu.

Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo kwenye tanuri linalofika nyuzi joto 1,450 hivi. Moto huo una moshi wake, lakini zaidi ya nusu ya hewa ukaa inayotoka haitokani na makaa wala gesi inayowaka chini. Inatoka ndani ya jiwe lenyewe linapobadilika. Kwa hiyo hata ukiendesha tanuri kwa jua na upepo, jiwe litaendelea kutoa hewa yake. Kwa wastani kila tani moja ya saruji huacha takriban kilo 600 za hewa ukaa angani, na viwanda vya saruji duniani vinakadiriwa kutoa karibu asilimia 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu.

Kwa hiyo tofali la saruji lililokwisha kutengenezwa lina moto ndani yake uliokwisha kuwaka. Hewa yake imeshatoka na hairudi. Ukilitupa na kununua jingine, unawasha moto wa pili kwa kazi ileile. Ukilitumia tena, gharama ya mazingira inayoongezeka ni ya kulisafisha na kulisafirisha tu. Hesabu ya dirisha la aluminiamu ni kali zaidi, kwani kutengeneza aluminiamu mpya kunakula umeme mwingi mno, na kuyeyusha iliyokwisha kuwepo kunaokoa karibu asilimia 95 ya nishati hiyo. Ndiyo maana wanunuzi wa vyuma chakavu huikimbilia aluminiamu kabla ya chuma.

Kilichoshikilia ndicho kinachoamua

Swali la pili kati ya yale mawili nalitanguliza, kwa sababu halizungumzwi kabisa. Tofali haliwezi kutumika tena likiwa limeng'ang'aniwa na mota iliyo ngumu kuliko lenyewe. Mota ni ule mchanganyiko wa mchanga na saruji, au mchanga na chokaa, unaoshika tofali kwa tofali. Ukipiga nyundo, kinachovunjika kwanza ni kile kilicho dhaifu. Mota ikiwa dhaifu, inapukutika na tofali linabaki zima. Mota ikiwa na nguvu kuliko tofali, linavunjika tofali.

Wazee wa pwani waliishi ndani ya kanuni hii. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayohayo, na boriti za mikoko. Chokaa ni laini. Ukuta ukianguka, jiwe linang'olewa, linakung'utwa na kurudi kazini. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati za Kiarabu, ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia, lakini sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ilijengwa upya katika karne ya 18, na kazi ya mawe ya zamani ikabakizwa ndani ya jengo jipya. Ngome Kongwe ya Unguja nayo, iliyosimamishwa na Waomani baada ya kuwaondoa Wareno, ina ndani yake mabaki ya kanisa la Wareno haohao.

Boriti zilikuwa na mzunguko wao. Urefu wa mti wa mkoko ndio uliopanga upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vya Lamu na Unguja ni virefu lakini vyembamba, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Majahazi yalizipeleka boriti hizo hadi Omani na Ghuba, na vyumba vya huko vikafuata kipimo kilekile cha mikoko yetu. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Boriti huoza kwanza nchani, pale inapoingia ukutani na kukutana na unyevu, na katikati yake hubaki nzima. Fundi anayejua kazi hukata ncha mbovu, na boriti ikafupika, ikapelekwa kwenye chumba chembamba zaidi, au korido, au juu ya mlango. Kila mara inashuka urefu, lakini kazi yake ni ileile, ya kubeba.

Kisha ikaja saruji, na kila mtu akaamini kwamba mota nzuri ni ile kali kuliko zote. Nchi tajiri ziliingia kwenye mtego huohuo. Jijini Copenhagen, wasanifu wa Lendager walitaka kutumia matofali ya majengo ya zamani, yakiwemo ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, kwa ajili ya nyumba za makazi ziitwazo Resource Rows zilizokamilika mwaka 2019. Mota ya saruji haikukubali kuachia. Wakaamua kukata kuta kwa msumeno, vipande vya takriban mita moja ya mraba, mota na tofali pamoja, kisha wakavipanga upya kama mtu anayeshona viraka. Kuta zile zinapendeza kweli. Lakini ni njia ya wenye winchi na misumeno ya almasi; kwa fundi wa kwetu mwenye nyundo na tindo, ukuta wa mota kali ni kifusi.

Huku kwetu kuna jambo la kushangaza kidogo: block nyingi za mitaani hutoka nzima kwenye ukuta, kwa sababu aliyejenga alibana saruji kwenye mota. Usifurahi mapema. Aliyebana saruji kwenye mota huenda aliibana kwenye block pia. Chukua chache kutoka sehemu mbalimbali za rundo na uziachie zianguke kwenye ardhi ngumu kutoka usawa wa kifua. Zikivunjikavunjika, usizijengee hata banda. Tofali za kuchoma zina kipimo chake: gonganisha mbili, zilizoiva hutoa mlio mkali kama wa chuma, mbichi hutoa sauti ya bubu. Ziloweke maji saa 24. Tofali zuri halinywi zaidi ya moja ya tano ya uzito wake.

Nondo

Sasa tuje kwenye kifaa chenye ubishi mkubwa kuliko vyote, na hapa nitasema bila kuzunguka: nondo iliyotoka kwenye jengo lililobomolewa isirudi kwenye nguzo, linta, ngazi wala sakafu ya ghorofa.

Umeshaona zinavyopatikana. Vijana wanaponda zege kwa nyundo nzito, nondo inatoka imepinda kama nyoka, inawekwa juu ya jiwe au kipande cha reli na kugongwa mpaka inyooke. Ikishanyooka na kupigwa brashi ya waya inafanana na nyingine yoyote, na ni nafuu. Mnunuzi anajiambia chuma ni chuma.

Chukua kipande cha waya wa kufungia nondo, kikunje, kikunjue, kikunje tena palepale. Mara ya kwanza kinakubali kwa urahisi. Mara ya pili kinakaza. Baada ya mara kadhaa kinakatika. Chuma kinachokunjwa hadi kikabaki kimekunjika hupoteza ule uwezo wake wa kuvutika kabla ya kukatika, na kwenye mashina ya zile mbavu zinazozunguka nondo huanza nyufa ambazo jicho halizioni. Katika jengo tunautegemea uwezo huo wa kuvutika kuliko tunavyotegemea nguvu tupu. Nondo nzima ikizidiwa na mzigo inavutika, zege linapasuka, watu wanaona nyufa na kukimbia. Nondo iliyokunjwa na kunyooshwa inaweza kukatika bila kuaga.

Halafu kuna kutu. Nondo ya milimita 12 ikiliwa hadi ikabaki 11 inaonekana imepungua kidogo tu, lakini nguvu iko kwenye eneo la mkato, na hapo imepoteza takriban asilimia 16 ya chuma chake. Ikibaki 10, imepoteza asilimia 31, karibu theluthi. Mhandisi aliyepiga hesabu ya nondo ya 12 hajui kwamba theluthi haipo.

Na hata ikiwa safi, ni fupi. Nondo mpya huja na mita 12. Za kubomolewa zinakuja vipande vya mita mbili au tatu, na kila unapounga kipande na kipande lazima vipishane urefu wa mara 40 hadi 50 ya kipenyo, yaani nusu mita au zaidi kwa nondo ya 12. Piga hesabu ya vipande vya mita mbili kwenye linta ya mita nane: takriban moja ya tano ya chuma ulichonunua, au zaidi, inaishia kwenye maungio. Unafuu unaanza kuyeyuka hata kabla hujagusa suala la usalama. Mafundi wengi wanalijua hili, na kwa hiyo hupunguza mapishano hadi shubiri moja. Hapo mwenye nyumba anajengewa hatari bila kuambiwa.

Nondo hizi ziende wapi? Kiwandani. Chuma ni moja ya vitu vichache vinavyoweza kuyeyushwa tena na tena bila kuchoka, na viwanda vya nondo vya Afrika Mashariki vinategemea sana vyuma chakavu. Kule tanurini kukunjwa kwake kunafutika, kutu inatenganishwa, na inatoka nondo inayoweza kupimwa. Kwa nondo, kurejeleza ni bora kuliko kutumia tena, na hili wapenzi wa mazingira wanapaswa kulikubali bila kinyongo. Ukitaka kuibakiza nyumbani, itengenezee kichanja cha mboga, uzio wa bustani, au mtambao wa pasheni. Kifuniko cha shimo la maji taka, hapana. Watoto hukanyaga pale.

Ukiulinganisha na nondo, mhimili mzito wa chuma uliofungwa kwa boliti una habari tofauti kabisa. Haukukunjwa, unafunguliwa kwa spana, unapimwa, unapakwa rangi na kurudi kazini. Mjini Winterthur, Uswisi, wasanifu wa baubüro in situ waliongeza ghorofa tatu juu ya karakana ya zamani, jengo liitwalo K.118, lililokamilika mwaka 2021. Mihimili ya chuma ilitoka kwenye jengo lililobomolewa Basel, ngazi ya nje ilitoka kwenye ofisi za Zurich, na ngazi hiyo ndiyo iliyoamua urefu wa ghorofa. Walitafuta vifaa kwanza, wakachora baadaye. Hewa ukaa ya ujenzi ikapungua kwa takriban asilimia 60 ukilinganisha na kujenga jengo lilelile kwa vifaa vipya. Chuma kilekile, lakini huku kilishikwa na boliti na kule kilizikwa kwenye zege.

Mbao na mabati

Kwa mbao, wale wanaosema vya zamani ni bora wana hoja nzito. Mninga, mvule na mkongo vilivyopasuliwa miaka ya 1960 vilitoka kwenye miti mikubwa iliyokomaa, na ubao uliokaa ndani ya nyumba miongo kadhaa umeshakauka na kumaliza kupinda kwake. Ubao mpya wa leo mara nyingi unauzwa ukiwa bado na maji, ukifungiwa mlango mwezi wa tatu, mwezi wa nane unagoma kufunga. Ukipata mlango wa zamani wa mti mgumu kwa bei ya haki, nunua, piga randa, na utakuwa umeuacha mti mmoja umesimama msituni.

Ukague kwanza. Choma ncha ya kisu karibu na sehemu zilizokuwa zikigusa ukuta au sakafu. Ikizama bila kukataa, pameoza. Gonga kwa kifundo cha kidole ukisogea taratibu. Mlio ukibadilika ukawa mtupu, mchwa wamekutangulia. Unga mwembamba chini ya vitundu ni dalili kwamba wadudu bado wamo, na ukiuingiza ubao huo ndani utawaambukiza wenzake. Mbao za kenchi hukatwa ncha zenye matundu ya misumari, kwa hiyo huwa fupi, na paa lako jipya lazima liwe dogo kuliko lile zilikotoka.

Na ni lazima niseme upande mchungu. Soko la milango ya kuchongwa ya pwani limefanya milango ing'olewe kwenye nyumba ambazo bado zimesimama. Kutumia tena maana yake ni kuokoa kilichokwisha kupoteza nyumba yake. Kuivua nyumba nzima mlango wake ili ukapambe hoteli ni uharibifu.

Bati ni rahisi. Liinue dhidi ya jua, ukiona nyota nyingi liache. Angalia unene wake, kumbuka geji 28 ni nene kuliko geji 30 ingawa namba ni ndogo. Jambo linalosahaulika ni matundu ya misumari: ukipiga papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, kwa nafasi zilezile za paa la zamani, misumari itarudi kwenye matundu yaleyale. Ukibadilisha nafasi, utakuwa na safu mpya ya misumari na safu ya zamani ya mianya, na mvua ya masika haitakosa hata mmoja.

Visivyofaa kurudi kabisa

Kuna mabati ya kijivu, mazito, yenye unene wa milimita sita hivi, yaliyoezekwa kwenye shule, nyumba za mashirika ya umma na maghala ya miaka ya nyuma. Mengi yana asbesto. Zaidi ya nchi 60 zimepiga marufuku matumizi yake, na Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Bati hilo likiwa zima juu ya paa hatari yake ni ndogo. Hatari huanza linapovunjwa, linapokatwa kwa msumeno, linapotobolewa au kusuguliwa kwa brashi ili lipakwe rangi, maana nyuzi zake ndogo mno hupeperuka na kuingia mapafuni. Ugonjwa hujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye, na hilo linawafanya watu waseme "babangu aliyafanyia kazi na hakufa." Macho hayatoshi kuthibitisha kama bati lina asbesto, kinachothibitisha ni maabara. Usiyanunue, usiyafanye uzio wa kuku, usiyavunje yakawa kifusi. Yanashushwa yakiwa mazima na yamelowanishwa, yanafungwa, na kuzikwa mahali palipoidhinishwa, kwa maelekezo ya mamlaka ya mazingira: NEMC Tanzania Bara, ZEMA Zanzibar au NEMA Kenya.

Nguzo za umeme zilizostaafu nazo zinapendwa, maana ni ndefu na haziliwi na mchwa. Haziliwi kwa sababu zina dawa. Zile zenye rangi ya kijani mara nyingi zina dawa yenye arseniki. Zile nyeusi zenye harufu ya lami zina kreosoti. Kwa uzio zinafaa. Usizipasue bila barakoa, usizitengenezee meza ya chakula, na usipikie mabaki yake hata kama kuni zimeisha: arseniki hubaki kwenye moshi na majivu. Rangi za zamani za mafuta zinaweza kuwa na madini ya risasi, hivyo mlango wa zamani usisuguliwe msasa mkavu mahali watoto wanapocheza. Lowanisha kwanza. Waya za umeme za zamani ziuzwe kwa ajili ya shaba yake, basi.

Kifusi

Kilichobaki baada ya yote hayo ni zege na plasta. Zege likisagwa hutoa kokoto, lakini kokoto hizi zimegandwa na mota ya zamani na hunywa maji kuliko kokoto za mwambani, kwa hiyo ukizipima kama kokoto za kawaida zege lako litakauka kabla halijashuka kwenye toroli. Zifae chini ya jamvi, kwenye njia za miguu, kwenye kujaza msingi. Mawe ya matumbawe yasichanganywe kwenye zege lenye nondo. Yana chumvi ya bahari, na chumvi huila nondo kutoka ndani. Na dari za jipsamu, ambazo siku hizi ziko kila nyumba, zitengwe kabisa na kifusi. Jipsamu ikikutana na saruji na unyevu huvimba na kupasua kile ilichochanganywa nacho.

Kazi hii ya kutenganisha inataka mikono na muda, na ndiyo inayokosekana katapila linapopewa saa mbili kumaliza mtaa. Mji wa Portland, Oregon, Marekani, ulipitisha sheria mwaka 2016 kwamba nyumba zilizojengwa mwaka 1916 au kabla ya hapo zisivunjwe kwa mashine, zifumuliwe kwa mkono. Baadaye wakasogeza hadi zilizojengwa 1940. Sisi tunao mafundi wanaofanya kazi hiyo bila sheria yoyote kuwataka, bila glovu na bila barakoa. Kinachohitajika ni kuwapa muda na kinga kabla katapila halijawashwa. Notisi ikiongezwa wiki mbili, nyumba moja inaweza kutoa vifaa vingi vya kujengea nyingine.

Kwa anayejenga leo

Vifaa vizito visisafiri mbali. Tofali lililopakiwa kutoka mkoa mmoja hadi mwingine linaweza kula kwenye mafuta sehemu ya kile lilichookoa kwenye saruji, na kwenye nauli kile ulichookoa kwenye bei. Mlango mzuri unaweza kusafiri. Kifusi kibaki mtaani kwake.

Kama unajenga kwa vipya kabisa, bado unaweza kuamua vitakuwaje vikija kufumuliwa. Benki ya Triodos huko Driebergen, Uholanzi, iliyofunguliwa mwaka 2019, imeshikwa na skrubu zaidi ya 165,000 ili siku moja ifunguliwe kipande kwa kipande. Nyumba ya vyumba vitatu haihitaji makuu hayo. Mwambie fundi mota ya ukuta wa kawaida wa nyumba ya chini iwe saruji moja, chokaa moja, mchanga sita, badala ya kushindana nani ana saruji nyingi. Ukuta utasimama vizuri na tofali litaachia bila kuvunjika. Mabati yafungwe kwa skrubu za bati zenye mpira. Fremu zifungwe kwa boliti, zisimwagiwe zege. Nyaya zipite ndani ya bomba. Na tunza faili: mchoro, risiti za nondo zikionyesha daraja lake, kiwango cha zege kilichotumika. Mhandisi wa baadaye akijua kutoka humo jamvi au nguzo inabeba kiasi gani, anaweza kuiacha isimame na kuijengea juu yake, na hakuna matumizi ya tena yaliyo nafuu kuliko jengo ambalo halikubomolewa.